Makombo Yetu Yalikuwa na Wenyewe

Tunaandika kurasa hizi kwa sababu ya neno moja, nalo ni neno "mila". Siku hizi hapa Kamina, mtu akiacha nusu ya bukari na paja la kuku lililoumwa mara moja juu ya meza ya resto, na ukimuuliza ni juu ya nini, hatakuambia kwamba ameshiba, wala kwamba mboga haikuwa tamu. Atakujibu: "Ni mila yetu. Muntu wa heshima hamalizake sahani." Halafu ananawa mikono, anaagiza Simba nyingine, na yule kijana wa kazi anakuja kukusanya vyombo na kumwaga vyote katika ndoo moja, bukari pamoja na mifupa na karatasi za kujipangusia.

Chama chetu kipo kwa ajili ya mila, njo maana hatuwezi kunyamaza. Mtu akisema "nimeacha kwa sababu nimeshiba," hayo ni mambo yake na tumbo lake. Akisema "nimeacha kwa sababu mimi ni tajiri," tutamcheka, basi. Lakini akiwaweka mbele bankambo wetu ili kufunika ndoo ya takataka, hapo anatugusa. Tunasema wazi: hakuna nkambo aliyefundisha jambo hilo. Desturi ya kubakisha chakula ilikuwapo, ni kweli, na wengi wetu tuliikuta ikiwa hai. Ila kubakisha ni kitu kimoja na kutupa ni kitu kingine, na mwenye kuvichanganya ama hakulelewa na wakubwa, ama alilelewa akasahau.

Tukumbushane namna ilivyokuwa. Wanaume walikula mahali pamoja, wanawake na watoto wadogo karibu na jiko. Bukari ilikuja moja, kubwa, ya watu wote, na mboga katika chombo cha pili: sombe, au samaki wakavu wa Bukama, au nyama siku ya bahati. Watu walinawa kwa kufuata umri. Mkubwa ndiye aliyeanza kukata tonge, na mkubwa huyohuyo ndiye aliyetangulia kuondoa mkono. Aliuondoa bukari ingali imesimama. Alisema ameshiba, na kila aliyeketi pale alijua kwamba hajashiba. Alikuwa amehesabu vijana walioketi nyuma yake. Kisha aliondoka wa pili kwa umri, na wa tatu, mpaka chombo kikabaki mikononi mwa wavulana, nao walikisafisha hata ukadhani kimeoshwa.

Mgeni naye alikuwa na sheria yake. Alichinjiwa kuku na kuku wote akawekwa mbele yake, kwa sababu ilikuwa lazima aone kwamba hakuna kilichofichwa. Lakini mgeni aliyelelewa vizuri alijua kwamba kuonyeshwa kuku si kupewa ruhusa ya kummaliza. Alikula kipande, pengine viwili, akashukuru, akarudisha chombo. Huko jikoni kulikuwa na macho ya watoto yaliyofuata kila tonge lake tangu mwanzo. Firigisi ilikuwa na mwenyewe, paja lilikuwa na mwenyewe, na hata miguu ya yule kuku iligombaniwa. Mgeni aliyemaliza kila kitu hakuambiwa neno, maana mgeni hasemwi. Ila watoto wa nyumba hiyo walilishika jina lake kwa miaka!

Kwa buko mambo yalikuwa makali zaidi. Mkwe na mama mkwe hawakuonana wakati wa kula; chakula kilipelekwa upande na vyombo vikarudi upande, na katika kurudi kwa vyombo kulikuwa na barua nzima isiyoandikwa. Chombo kilichorudi kitupu kabisa kilisema: mkwe wenu ana tamaa. Chombo kilichorudi bila kuguswa kilisema: mkwe wenu amekasirika. Kilichorudi na sehemu nzuri ndani yake kilisema: nimekula, nimewakumbuka nanyi. Na ile sehemu nzuri ililiwa jioni hiyohiyo.

Hata kilichobaki baada ya wote hao kilikuwa na njia yake. Bukari ya kulala ililiwa asubuhi, imechomwa juu ya makala mpaka ikapata ganda, na wako kati yetu watu wazima ambao hata leo wanaipenda kuliko mukati. Ukoko wa chungu ulikuwa wa watoto. Maji ya chungu na mabaki ya mwisho yalikwenda kwa bata na kwa mbwa.

Ndiyo kusema, makombo yetu yalikuwa na wenyewe. Anayebakisha alikuwa anampa mtu fulani, mwenye jina, aliye umbali wa hatua kumi. Hiyo ndiyo mila. Ukiichukua nusu yake ya kwanza, ile ya kuondoa mkono, na kuiacha nusu ya pili, ile ya mkono mwingine unaopokea, hubaki na mila tena. Unabaki na majivuno tu. Pale resto, mkono wa pili uko wapi? Watoto wako nyumbani wamelala. Mama wa jikoni hawezi kumpa mteja wa meza ya pili mabaki ya mteja wa meza ya kwanza. Tumesikia wengine wakijitetea kwamba ndoo ile inachukuliwa na mama fulani mwenye nguruwe. Vizuri, heri nguruwe kuliko mtaro. Lakini hatujui nkambo hata mmoja aliyejinyima paja la kuku kwa ajili ya nguruwe wa jirani.

Kula nje ya nyumba si jambo la zamani sana hapa kwetu. Kamina ni mji wa reli. Njia iliyotoka Bukama kwenda Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika mwaka 1928, na mwaka 1956 tukaunganishwa na Kabalo. Tukawa njia panda. Njia panda huleta watu wasiokuwa na mwiko wa mama karibu: wafanyakazi waliohamishwa, wasafiri wanaongoja treni siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Watu hao walihitaji kula, na kina mama wakawapikia karibu na gari. Huko ndiko kulikozaliwa yale tunayoyaita malewa.

Na tuseme haki: malewa haina hatia katika kesi hii. Mtazame mama wa malewa anavyofanya kazi. Unakuja, unataja franka zako, anakukatia bukari ya franka hizo. Ukitaka kuongeza, unasema "Mama, wekako ingine," naye anaweka, unalipa. Mboga anaipima kwa kijiko chake ambacho hakikosei. Fundi wa baiskeli anakula kwa kadiri yake na mbeba mizigo kwa kadiri yake. Ukitazama sahani zinazorudi kwa mama huyu hutaona kitu, maana hakuna mtu aliyewekewa asichokiomba. Bila kusoma kitabu chochote, mama huyu ameihifadhi busara ya jiko la kijijini. Nasi tunaojiita wasomi tunapita mbele yake tukikunja pua, tunakwenda kuketi penye kitambaa cha meza.

Penye kitambaa cha meza, sahani ni moja kwa watu wote. Mwanamke mwembamba na dereva wa lori wanaletewa mlima uleule, kwa bei ileile. Ukiomba nusu, kijana anakutazama kama mtu aliyekosa franka. Mwenye resto anajua kwamba mteja wa Kamina anapima nyumba kwa urefu wa bukari: ikija ndogo, kesho atakwenda kutangaza mjini kwamba pale wanaiba. Basi anaijaza. Unga ni bei, lakini jina baya ni bei zaidi. Kwa hiyo hatutaki kumtupia mwenye resto mzigo wote. Yeye anapika kile tunachokisifu. Wenye kosa ni sisi wateja, na hasa wale wetu wanaokwenda kundi zima na kupaza sauti: "Yaya, leta ile mukubwa, siye tunalipa!" Wanaagiza kwa ajili ya meza za jirani kuona. Nyama ikifika, hawana njaa nayo. Kazi yake ilikuwa imekwisha pale ilipotajwa.

Lakini resto ni jambo dogo. Siku ya mshahara ikipita, resto hizo ni viti vitupu. Ugonjwa wenyewe uko katika sherehe: harusi za Jumamosi, ubatizo, diploma, na hata kilio, Mungu atusamehe.

Nani kati yetu hajaiona bufe ya harusi? Meza ndefu, vyombo vimefunikwa, watu mia tatu wamekaa tangu saa kumi na moja na maarusi wanafika saa mbili za usiku. Njaa imekwisha kuwa hasira. Mwenye kipaza sauti anatangaza kwamba wageni wa heshima watangulie. Hapo wengine wote wanaanza kuhesabu, kwa sababu wanajua jambo moja: atakayefika mwisho atakuta wali na mchuzi mtupu. Basi kila anayefika mbele anajaza kwa ajili ya hofu. Wali, juu yake bukari, juu ya bukari viazi vya kukaanga, kuku, samaki, sombe juu ya vyote, na kipande cha nyama ya mbuzi kimeshikwa kwa kidole gumba kisianguke. Hana tumbo la kuvimaliza. Anavichukua kwa sababu hana imani kwamba vitamfikia akirudi. Nusu saa baadaye sahani hiyo iko chini ya kiti, imekanyagwa na watoto, na kule nyuma kweli kuna watu ambao hawakupata kitu. Na nyuma ya ua, wale wanaochungulia kwenye matundu ya ukuta, hao hatuwataji.

Meza ya heshima nayo ina hadithi yake. Wale wakubwa wana mialiko mitatu Jumamosi moja. Kwetu wanafika wakitoka kula na wakielekea kwenda kula. Wanapelekewa sahani mbili mbili, na zinarudi kama zilivyokwenda, kuku wamegeuzwa upande tu. Mara nyingi sahani hizo ndizo zinazotupwa za kwanza, maana hakuna mtu wa jikoni anayethubutu kugusa makombo ya mkubwa hadharani. Angalia jinsi mambo yalivyopinduka! Zamani makombo ya mkubwa yalikuwa baraka, na mtoto aliyepewa kula kutoka katika chombo cha nkambo wake alitembea kijijini akijisifu.

Tufanye hesabu ndogo, ya kukisia tu, ili wenye kupenda tarakimu watuelewe. Watu 300. Kila mmoja aache bukari ya kiasi cha ngumi ndogo, gramu 150. Hiyo ni kilo 45 za bukari iliyopikwa, yaani karibu kilo 15 za unga, bila kuhesabu nyama, mafuta, makala na maji yaliyobebwa kichwani. Kilo 15 za unga ni nyumba ya watu wengi kwa siku nyingi. Na komite ya harusi hiyo, ukiiuliza mwezi unaofuata, bado ina deni la vinywaji, na baba wa bibi harusi anakwepa njia ya sokoni.

Juu ya nini anafanya hivyo, mtu mwenye akili zake? Kwa sababu ya maneno manne tu: "Kule kwa fulani hatukushiba." Maneno hayo yanaweza kukaa juu ya jamaa miaka kumi. Tunaogopa kusemwa kwamba chakula kilikwisha kuliko tunavyoogopa deni. Kwa hiyo tunapika ili kibaki, na kikibaki tunajisifu kwamba kilibaki. Kilio nacho kimeingia katika mashindano hayo. Watu wanalala pale siku kadhaa, ni lazima wale, hilo hatulikatai. Lakini mjane ambaye anatakiwa kulisha watu kwa kiasi cha kuwashangaza, kisha anabaki na watoto na sufuria tupu, mtu asituambie kwamba huyo analindwa na mila. Mila ilikuwa kwamba majirani waje na unga wao.

Unga huo unatoka wapi? Mkoa wetu una mahindi: Kaniama inalima, Kabongo inalima, na magari yanapita kwenda Mbuji-Mayi yakiyumba kwa mizigo. Una samaki wa Upemba na Kisale. Pamoja na hayo, Katanga nzima imezoea kutazama kusini kwa ajili ya unga. Mwaka 2023 unga ulipokuwa haba Lubumbashi na bei yake ikapanda, na mwaka 2024 Zambia ilipotangaza kwamba ukame umekuwa janga la taifa, kila nyumba ilijifunza upya thamani ya tonge. Mwanzoni mwa mwaka 2025, hesabu inayofanywa na serikali pamoja na mashirika ya kimataifa ilionyesha kwamba watu karibu milioni 28 katika Kongo hawakuwa na chakula cha kutosha, kiasi cha kuhitaji msaada. Hatusemi kwamba bukari uliyoiacha mezani ingemfikia mtu wa Malemba-Nkulu aliyeunguliwa au kufurikiwa na maji. Haingemfikia. Lakini ingemfikia mtoto wa dada yako, hapo hapo mjini, kama ungeomba ifungwe.

Wengine watasema kwamba hii ni hotuba ya Wazungu, maana wao ndio wanaotupa zaidi na sasa wanataka kutufundisha. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa kiasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa hesabu yake mwaka 2024: katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kilichokwisha kufika kwa walaji, na kati ya hizo tani milioni 290 zilitupwa katika mikahawa, hoteli, kantini na mahali pengine pa kula nje ya nyumba. Lakini hesabu hiyohiyo ilionyesha kwamba katika nyumba za watu, nchi tajiri na nchi zisizo tajiri hazitofautiani sana. Kwa hiyo tusijifiche nyuma ya umaskini wetu. Tena wenzetu hao wameanza kuona haya. Nchini Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2021, mkahawa unapaswa kumpa chombo cha kubebea mteja anayetaka kwenda na chakula alichokibakisha. China, ambayo watu wake tunawaona kila siku katika migodi ya Katanga, ilitunga sheria mwezi wa Aprili 2021: mwenye mkahawa anaweza kumtoza mteja anayeacha chakula kingi mno, na mwenye mkahawa anayewasukuma wateja waagize kupita kiasi anaweza kutozwa faini. Na China ni nchi ambayo desturi yake ya ugeni inafanana na yetu kabisa: mwenyeji ambaye meza yake imemalizika anaona aibu. Wameona kwamba desturi hiyo, ikitoka nyumbani ikaingia mkahawani, inageuka kuwa hasara.

Sisi hatuombi sheria. Sheria tunazo nyingi, tunajua zinakolala. Tunaomba aibu ihamie upande wa pili.

Kuna pingamizi jingine ambalo tunaliheshimu zaidi, kwa sababu linatoka kwa wazee wenyewe. Mzee mmoja wa reli alituambia: "Kupimiana chakula ni mambo ya posho. Musiturudishe kwenye posho." Tunamwelewa. Kina baba zake walisimama kwenye mstari kila wiki, unga ukapimwa kwa mizani, mafuta kwa kipimo, samaki kwa idadi, kadiri ya mke na watoto walioandikwa katika kitabu cha kampuni. Aliyepimiwa hivyo utotoni, akipata franka zake, hataki kuona kipimo tena mbele ya macho yake. Anataka bukari inayomwagika. Jeraha hilo ni la kweli, na pengine linaeleza tabia za sahani zetu kuliko tunavyodhani. Lakini, mzee wetu, mama yako pia alipima. Alipima kwa jicho, akijua nani ametoka shambani na nani ana homa na nani amekula kwa shangazi yake njiani. Kipimo cha kampuni kilikuwa cha kukufanya ufanye kazi. Kipimo cha mama kilikuwa cha kukujua. Tukikimbia cha kwanza, kwa nini tukimbie na cha pili?

Na wale wanaotaka mila ya juu kabisa, ile ya bulopwe, tuwakumbushe hadithi wanayoijua tangu utoto. Nkongolo Mwamba alikuwa mfalme mwenye nguvu, lakini alikula mbele ya watu wote, akanywa, akacheka na kinywa wazi. Akaja Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, ambaye hakukubali kula mbele ya macho ya watu. Nkongolo akashangaa, na katika mshangao huo kuna tofauti yote kati ya nguvu tupu na bulopwe. Kutoka kwa Mbidi Kiluwe alizaliwa Kalala Ilunga, na tangu hapo mulopwe alikula peke yake, chakula chake kimefichwa. Ni ajabu sana kwamba watu wanaojiita wajukuu wa Kalala Ilunga wanapima ukubwa wao kwa wingi wa nyama inayoonekana mezani. Katika hadithi yetu wenyewe, aliyekula kwa kuonyeshwa ni yule aliyeshindwa. Tena ni huyohuyo Nkongolo aliyetandika mkeka juu ya shimo la mikuki na kumwalika mpwa wake aje kucheza ngoma. Tukitazama madeni ya harusi za siku hizi tunajiuliza kama mkeka ule umekwisha kukunjwa.

Sasa tunataka nini? Kwanza, katika sherehe, kina mama warudishiwe mwiko. Bufe ya kila mtu kujipakulia haikutoka kwa bankambo, haikutoka hata kwa baba zetu. Imekuja juzi na wapishi wa kukodi. Mahali ambapo kina mama wawili wanasimama nyuma ya meza na kupakua, wakisema kwa sauti kwamba kipo cha kuongeza, mstari unatulia na sahani zinarudi safi. Tumeona hivyo katika sherehe kadhaa hapa mjini na hakuna aliyelala njaa. Ila maneno hayo ya "kipo cha kuongeza" lazima yawe ya kweli, la sivyo watu watarudi kwenye milima yao, na watakuwa na haki.

Meza ya heshima ipelekewe chakula baada ya kuulizwa. Mkubwa aliyekwisha kula aseme, apewe maji au munkoyo, na sehemu yake itangazwe wazi kwamba inakwenda kwa wapishi na vijana waliobeba viti. Wapishi wanajua siri nyingi za karamu zetu. Ni vizuri wajue pia ladha yake.

Resto ziweke nusu, na nusu iwe na bei yake iliyoandikwa ukutani, ili mtu asilazimike kuomba kama mwombaji. Mwenye resto asiogope: anayekula nusu leo na kuimaliza atarudi kesho, na yule aliyeacha robo tatu hurudi mwisho wa mwezi tu.

Halafu kuna lile jambo la kufungiwa, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Mwalimu wa sekondari, karani wa mkoa, mke wa daktari, hawa wote wataona afadhali wafe kuliko kumwambia kijana wa resto: "Nifungieko ile inabakia, nibebee batoto." Wanaogopa kusikia nyuma yao: "Eko na njala." Lakini ndugu zetu, maneno hayo ndiyo ile nusu ya pili ya mila! Ndiyo chombo kinachorudi jikoni kwa watoto, isipokuwa leo jikoni liko mbali na chombo kinahitaji kubebwa. Bibi zetu hawakutoka kwenye sherehe mikono mitupu. Walifungiwa ndani ya majani, na walipofika nyumbani wajukuu walikuwa wamekwisha kupanga mstari mlangoni, maana harufu ilitangulia. Hakuna aliyesema bibi ana njala. Walisema bibi ametukumbuka.

Kwa hiyo katika mkutano wa chama wa mwaka huu tutafanya jaribio. Sherehe itakuwa na wapakuaji, na karibu na mlango kutakuwa na meza yenye majani ya ndizi yaliyopitishwa motoni ili yasipasuke, na kamba. Mifuko ya plastiki hatutaweka. Amri ya serikali iliikataza tangu mwisho wa mwaka 2017, ingawa sokoni imejaa, na tena bukari ya moto ndani ya plastiki inatoa jasho na harufu mbaya. Wa kwanza kufungiwa mbele ya watu watakuwa wajumbe wa komite, mmoja mmoja, kwa majina. Anayetaka kucheka atacheka hapo hapo tukimwona. Majani tumekwisha kuyaomba kwa wenye mashamba; kamba bado tunatafuta.